Upepo Ulioiba Kofia ya Bwana Harusi

Paukwa! Mbona mnajibu kama mna viazi mdomoni? Semeni pakawa, halafu mtulie, maana hii hakuna anayeisimulia kunishinda.

Hapo kale, huko Korea, mfalme alisimika jiwe uani kwake. Juu ya jiwe mlingoti, juu ya mlingoti kitambaa kirefu. Upepo ukienda huku, kitambaa kinaelekea huku. Mtunzaji wake, kijana Deokswe, kazi yake ilikuwa kutazama juu tu. Hata wewe mvivu ungeiweza.

Siku ya harusi yake, Deokswe akavaa kofia nyeusi ya nywele za mkia wa farasi. Upepo ukapita, fyuu, ukaibeba. Wala si yake tu, mji mzima ulikuwa umeshaibiwa kofia. Akaenda ukweni hivyo hivyo. Baba wa bibi harusi akamtazama utosi, akasema taratibu, "Mwanangu, kichwa wazi, mke hakuna. Jua likizama, binti yangu Okdan ataolewa na mwenye kofia."

Deokswe mbio hadi kwenye mlingoti. Kitambaa kimeelekea mlimani. Akapanda mlimani. "Upepo, nipe kofia yangu, mke ananingoja."

Upepo ukakimbilia mtoni. Kitambaa kikaelekea mtoni. Akashuka mtoni. "Upepo, nipe kofia yangu, mke ananingoja."

Ukakimbilia mashamba ya mpunga. Kitambaa nacho, huko huko. Akaingia matopeni. "Upepo, nipe kofia yangu, mke ananingoja."

Upepo ukachoka, ukarudi kukigombeza kitambaa. "Mmbeya wewe, kwa nini unanitaja?"

"Simtaji mtu, bwana mkubwa. Unanisukuma mwenyewe."

Ukakivuta kwa hasira king'oke. Kadiri ulivyovuta, ndivyo kilivyonyooka, kama kidole cha shahidi. Basi ukaona dawa ni kubana pumzi. Kimya. Kitambaa kikalala. Upepo ukajiona mjanja.

Kumbe kofia zote ziko juu angani, zimeshikiliwa na pumzi ile ile! Pu, pu, pu, mji ukanyeshewa kofia, watu wakazigombania. Deokswe akadaka moja, si yake, ikamfunika hadi puani. Akafika ukweni anapapasa ukuta, jua limebaki ukucha.

Mkwe akamzunguka, akamkagua. "Kofia ipo," akasema. "Kichwa tutakitafuta kesho."

Wakaozwa.

Basi mjue: mwizi akitaka asionekane, kwanza aachie alichobeba. Ngano yangu imefika ukingoni. Aliyecheka, kheri yake. Aliyesinzia, kofia yake naondoka nayo.