Kwa Nini Ndoo ya Shebati Haina Mbebaji

Nipeni masikio, nami nitawapa ndoo. Atakayecheka kabla ya wakati atakwenda kuchota maji.

Hapo kale, miezi ya Waebrania ilikuwa ikigawiwa alama zake mbinguni. Kondoo alishapata mwezi wake, mizani ilishapata wake, samaki nao walishajipanga. Ulibaki Shebati tu, mwezi wa maji na miti. Habari zikaenea vilimani kwamba malaika mchoraji angeshuka kisimani kumtafuta mchota maji hodari, amchore nyotani.

Loo, kijiji kikapagawa! Mwaka huo mvua ilikuwa imegoma, maji yameshuka chini kabisa, na kila nyumba iliruhusiwa ndoo moja kwa siku. Lakini siku hiyo nani alikumbuka maji? Watu walikuja wamevaa za sikukuu, wakajipanga ukingoni na ndoo tupu zinazong'aa. Mbele kabisa alisimama Hadoramu, mkuu wa kijiji, kidevu juu, ndevu zimepakwa mafuta.

Tirza, mjane wa bondeni, hakuwa na habari na uchoraji. Alikuwa na mti wa mlozi ambao marehemu mumewe aliupanda mwaka aliofariki, na sasa matumba yake yalikuwa yanasinyaa. Bila ndoo ya siku ile, basi tena. Aliogopa kumpoteza mumewe mara ya pili. Akajipenyeza katikati ya watu, akalala kifudifudi, akaingia kisimani kichwa mbele hadi kiunoni, maana kamba ilikuwa haifiki.

Ndipo akatokea mzee mmoja mgeni, midomo imepasuka kwa kiu, akiomba maji.

"Hebu sogea, baba," Hadoramu akamwambia. "Malaika asije akakuchora wewe!"

Mara ndoo kuukuu ya ngozi ikachomoza kisimani, imejaa pomoni, aliyeishika haonekani. Sauti ikatoka chini: "Mwenye kiu anywe! Ila asimalize, jamani, nina mlozi unakufa!"

Mgeni akanywa nusu. Nusu iliyobaki akaenda nayo mwenyewe kuumwagilia mlozi, akarudi kufumba na kufumbua. Kisha akainua kidole, akachora angani kile alichokiona: ndoo.

Tirza alipojitoa, uso umejaa matope, alikuta kijiji kizima kimeduwaa na matone ya mvua yanaanguka. Mafuta yalikuwa yanamchuruzika Hadoramu hadi kitovuni.

"Nisamehe, mama," malaika akasema kwa haya. "Uso wako sikuuona."

Tirza akacheka mpaka akashika mbavu.

Na tangu siku hiyo, mataifa mengine humwona nyotani mtu mwenye mtungi, lakini Waebrania huona ndoo peke yake. Shebati ikifika, mlozi huchanua kabla ya miti mingine, na Waebrania husherehekea mwaka mpya wa miti. Tirza mwenyewe, kila alipoulizwa kama haoni uchungu kukosa sura yake kule juu, alionyesha maua meupe mlangoni pake.

"Sasa sura yangu ingemwagilia nini?"

Yangu yameishia hapo. Mliocheka mapema, ndoo ile pale.