Mchamungu Aliyekataa Kukagua Dawa

Wamesimulia waliotutangulia kwamba katika mji mmoja wa Khurasani aliishi mja mwema, Mundhir bin Sawada, aliyejulikana kwa jina la Abu Shuraih. Hapakuwa na mtu wa zama zake aliyezijua dawa na sumu kumshinda yeye. Na wauza dawa wa mji ule walikuwa wameharibika: wakichanganya tiba na unga wa ngano, na sumu wakiiweka rafu moja na dawa za watoto. Amiri akamwita ampe kazi ya kukagua maduka yao na kuwaadhibu wavunjao sheria.

Abu Shuraih akalia hata ndevu zikalowa. "Niepushe, ewe Amiri. Nachelea nisije nikamdhulumu mtu, nikaulizwa Siku ya Kiyama."

Akarejea msikitini, na watu wakamsifu kwa kuukimbia ulimwengu. Kazi akapewa mwingine, ambaye alikuwa akitia muhuri mitungi bila kuifungua.

Mwaka haukuisha. Homa ikaingia mjini, na jirani yake, mjane aitwaye Rabab, akawanunulia binti zake, Sulafa na Hind, unga mweupe wa kushusha homa. Wote wawili wakafariki kabla ya adhuhuri. Baada ya maziko akaja mlangoni kwa Abu Shuraih, na unga uliobaki ameufunga katika pembe ya ushungi.

"Niambie hiki ni nini."

Akatupia chembe juu ya kaa la moto. Ikatoka harufu kama ya kitunguu saumu, naye akajua. Lau angesema ni homa iliyowaua, hakuna ambaye angemkanusha.

"Ni sumu ya panya, Ummu Sulafa."

"Ungeliikagua dukani, ungeliitambua?"

"Ningeliitambua."

"Na Amiri alikuomba?"

"Aliniomba."

"Ulikuwa wapi, Abu Shuraih?"

"Nilikuwa msikitini, nikiiokoa nafsi yangu."

Yule mama hakupiga kelele. Aliondoka, na tangu siku ile hakuitikia tena salamu yake, mpaka mauti yalipomchukua.

Abu Shuraih akaenda kwa Amiri siku hiyohiyo akaipokea kazi. Miaka ishirini alifungua kila mtungi kwa mkono wake, hata vidole vikachubuka kwa ukali wa dawa. Alipolala kwa maradhi ya mwisho, wanafunzi wake wakamwambia, "Pokea bishara njema, sheikh wetu. Ni wengi mno uliowaokoa!"

Akasema, "Katika hao simjui hata mmoja. Ninaowajua ni wawili."

Akageukia ukutani. Hakusema neno jingine ila istighfari, mpaka sauti ikakatika.

Ndugu zangu, alivyopokewa na Mola wake hatukuambiwa. Nasi tumwombe Mwenyezi Mungu asiijaalie ibada yetu kuwa mahali pa kujificha tusionwe na waja wake wanaotuhitaji.