Fisi Mganga na Tumbo la Kidani

Maneno haya yanaanzia kwenye kiu. Mwaka huo mvua za vuli hazikuja kabisa, za masika zikapita kusalimia tu, na mito yote ya nyika ikabaki mchanga. Maji yalisalia mahali pamoja, kwenye bwawa la Mama Chatu chini ya jabali, na Mama Chatu hakuwa wa kuchezewa.

Mfalme Simba alikwenda kumwomba maji, ingawa mwenyewe aliita safari ile ziara rasmi. Mama Chatu akakubali wanyama wote wanywe kwa sharti moja. Alikuwa na mtoto mmoja aliyeanguliwa majuzi, na alitaka alelewe ikulu ajifunze adabu za wakubwa.

"Siku moja nitakuja kumwona, wala sitatuma salamu kwanza," alisema. "Nikimkuta mzima, maji ni yenu. Nikikuta amekufa, hakuna atakayelamba hata tope."

Simba alifurahi kupita kiasi. Wafalme wengine walikuwa na viti na vilemba, lakini hakuna aliyekuwa na chatu wa kufuga. Akamvaa mtoto yule shingoni kama pambo na kumpa jina la Kidani. Kila alipofika mgeni, Simba alisimama, akageuka huku na huku, akatikisa manyoya yake ili kila mtu aone. Kidani alijishikilia asianguke, maskini, na alikuwa na adabu mno kulalamika.

Sasa ikatakiwa apatikane wa kumlisha. Simba alifikiri kwa muda mfupi, kama alivyozoea, akamchagua Fisi. Sababu yake ilikuwa kwamba Fisi amekula mifupa, ngozi, kwato na hata kiatu, na hajawahi kuumwa tumbo. Nani basi anayejua matumbo kuliko yeye? Fisi akapewa cheo cha Mganga wa Tumbo, akaanza kutembea polepole kama msomi.

Siku ya kwanza Mganga aliagiza kanga mzima. Wanyama wengine walikuwa wanatafuna majani makavu, lakini kwa ajili ya maji yale walijipinda wakamleta. Kidani alimtazama kanga, kanga alikuwa mnene mara tatu kuliko yeye.

"Babu, hataingia," alisema Kidani.

"Ataingia, mjukuu wangu. Panua taya."

Kanga akaingia, kwa shida. Fisi akampeleka Kidani kulala nyuma kabisa ya pango, mahali ambapo jua halijawahi kufika tangu pango liwe pango, na chakula kikakaa tumboni baridi kama jiwe. Jioni wakaja wageni, Simba akamvaa na kugeuka huku na huku. Kidani akatapika kanga mzima mbele ya balozi wa Pundamilia.

Fisi alikuwa tayari. Alisema chakula kilichorudi kina nuksi, kisiguswe na yeyote, yeye mwenyewe atakizika mbali. Akakibeba, akaenda nyuma ya kichuguu, akakizika ndani ya tumbo lake. Kwa pua ya Fisi, kanga aliyewahi kumezwa ni kanga aliyekwisha kulainishwa.

Ikawa ndiyo desturi. Kila baada ya siku mbili aliletwa kanga au kwale, Kidani akalishwa na kulazwa kwenye baridi, na wageni wasipokuja Fisi alimtikisa mwenyewe, eti anampima. Chakula kilirudi, Fisi akakizika. Kidani alikonda mpaka mbavu zikahesabika, na kwa chatu hizo ni mbavu nyingi. Lakini kilichomuumiza zaidi ni aibu. Aliamini ana tumbo baya, tumbo lisilo na shukrani, na kila alipotapika aliomba radhi kwa sauti ndogo.

Sungura ndiye aliyetia shaka. Hakuwa na uchunguzi wowote mkubwa. Alitazama tu ikulu yote, akaona wote wamekonda kwa ukame isipokuwa mmoja, na huyo mmoja alikuwa daktari.

Kumshtaki Fisi bila ushahidi ni kazi ya wajinga. Na kumwambia Simba kwamba madaha yake yanamtapisha mtoto ni kazi ya wanaotaka kufa. Sungura akashuka bwawani kwanza. Akamsalimia Mama Chatu kwa heshima zote, akamwambia ikulu inataka kumtungia sifa, kwa hiyo tafadhali aeleze alivyokuwa akila utotoni.

Mama Chatu alipenda kusifiwa kama mtu mwingine yeyote. Alisema alianza na kitoto cha panya, kisichozidi unene wa kiuno chake. Baada ya kula alilala kwenye jiwe lenye joto siku saba, na jiwe likizidi joto aliingia kivulini. Hakuguswa. Siku moja alitapika kwa sababu ya tembo aliyemkanyagia karibu, naye akafunga wiki nzima kabla ya kula tena, tumbo lipoe.

"Sifa gani hizi za panya na kutapika?" aliuliza ghafla. "Mwanangu ni mzima?"

"Ikulu yote inamzungumzia yeye tu, mama," alijibu Sungura, na huo ulikuwa ukweli mtupu. Akaondoka haraka, maana Mama Chatu alikuwa ameanza kujikunjua.

Mbele ya mfalme Sungura hakumlaumu mtu. Alimsifu Mganga kwanza mpaka Fisi akavimba kichwa. Kisha akasema kwamba amejifunza taratibu za ukoo wa chatu, na kwamba kwao mtoto wa heshima akishashiba hapokei wageni siku saba. Wanaopokea wageni na tumbo limejaa ni watoto wa makabwela.

Simba alishtuka. Aliagiza hapohapo kwamba Kidani asiguswe na mtu, hata na yeye mwenyewe, akahamishiwe kwenye jiwe la juani karibu na kichaka.

"Liko moja tena, Mtukufu," alisema Sungura. "Kwao mganga hula anachokula mgonjwa, na hufunga mgonjwa anapofunga, mpaka apone. Ila huo ni uganga mgumu. Sijui kama Mzee Fisi atauweza."

Wanyama wote wakamgeukia Fisi. Angesema nini? Alisema anauweza, alikuwa anataka kuutaja yeye mwenyewe.

Sungura akasema tumbo lililotapika lipoe kwanza, basi wakafunga wiki nzima, Kidani juu ya jiwe na Fisi chini ya ulinzi wa Nyani wawili wambeya. Siku ya nane kila mmoja alipewa kitoto kimoja cha panya. Kidani alikimeza taratibu, akajikunja juani, akalala. Fisi alikimeza bila kujua kama kimepita. Akauliza kinachofuata, akaambiwa kinafuata wiki ijayo.

Wiki ikaisha, na chakula cha Kidani hakikurudi. Akapewa cha pili, nacho kikakaa. Ngozi yake ikaanza kujaa, huku ya Fisi ikianza kupwaya. Lakini wiki ya tatu macho ya Kidani yakaingia ukungu mweupe, na alipoletewa panya aligeuza kichwa.

"Haoni wala hali," Fisi alipiga kelele ikulu nzima. "Sungura amemuua mtoto. Nirudishieni mgonjwa wangu na kanga wangu."

Simba aliingiwa na hofu ya kweli, kwa ajili ya maji na kwa ajili ya mtoto mwenyewe, maana alikuwa amemzoea. Akamwambia Sungura kwamba Kidani akifa, yeye atafuata. Sungura aliomba siku chache tu. Alikuwa amewaona nyoka wengi vichakani, na alijua ukungu ule ni dalili ya kujivua gamba. Alijua, lakini usiku hakulala. Na kwa kuwa mgonjwa amekataa kula, Fisi naye hakupewa kitu.

Siku ya tano mchana, jua likiwa utosini, Nyani walisinzia na Fisi akashindwa kujizuia. Alikumbuka kwamba ndani ya Kidani mna panya wawili, na kwa hesabu ya njaa walikuwa bado wazima. Alinyata mpaka kwenye jiwe, macho yakiona kila kitu viwili viwili kwa njaa. Kitu kirefu chenye madoa kilikuwa kimelala pale. Akakikamata kwa meno, akakitikisa.

Asichojua ni kwamba mfalme alikuwa nyuma yake. Mama Chatu alikuwa amefika ikulu bila salamu, kama alivyoahidi, na Simba pamoja na Sungura walikuwa wanampeleka kumwona mwanawe, balozi wa Pundamilia na wanyama wa ikulu wakiwafuata nyuma. Wakasimama wote.

"Tapika, mjukuu wangu," Fisi alikuwa anasema, akitikisa kushoto na kulia. "Tapika kama zamani. Si nilikuwa nakutikisa hivi hivi, nawe unatoa, babu anakula? Mbona leo umekuwa mchoyo?"

Alitikisa mpaka kile kitu kikapasuka vipande viwili, vikapeperuka na kuwashukia wageni. Lilikuwa gamba tupu. Kidani mwenyewe alitoka kichakani, alikokuwa amepumzika kivulini tangu asubuhi, anang'aa, mnene, macho maangavu.

Mama Chatu alisogea mbele. Alimzunguka Fisi mara tatu, akambana kidogo, akamtikisa kwa kipimo kilekile. Fisi alitoa panya mmoja mdogo na manyoya ya kanga ya miezi miwili. Alipoachiliwa alikimbia bila cheo chake, na matumbo ya wanyama wa nyika hayakumwona mganga huyo tena.

Kidani ndiye aliyebaki akilitazama gamba lake. Alikuwa amesikia yote.

"Kwa hiyo tumbo langu si baya?" aliuliza.

Mama Chatu alimtazama Simba, na Sungura akatazama chini, maana kuna mambo ambayo hata mwerevu hawezi kumsemea mtu. Simba hajawahi kukosea tangu azaliwe, na kama amewahi hakuna aliyeishi kusimulia. Alipiga magoti kwenye vumbi, mbele ya balozi wa Pundamilia na wote waliokuwepo, mpaka uso wake ukalingana na wa mtoto.

"Tumbo lako halina kosa, mwanangu," alisema. "Kosa lilikuwa kwenye shingo yangu."

Mama Chatu akasogea pembeni ya njia, na wanyama wakashuka kunywa maji.