Safari ya Radhi kutoka Toronto

Hapo zamani, si zile za wanyama kusema bali za juzijuzi tu, Mwanakheri binti Shekigenda aliishi Toronto, na baba yake aliishi Dar es Salaam. Baina yao palikuwa na bahari, jangwa na ugomvi. Mwanakheri aliolewa bila radhi ya baba, na tangu hapo moyo wake haukutulia.

Siku moja shangazi yake, Zamzam, akapiga simu. "Mwanangu, kaka yangu yu taabani. Anakuita."

Mzee hakumwita mtu! Shangazi alitunga, maana alimjua kaka yake: kumwita hamwiti, lakini akimwona mlangoni atalia. Mwanakheri, mjamzito wa miezi michache, akapanda ndege siku hiyo hiyo.

Nyumbani, mdogo wake Mwantumu akatazama kwenye simu umbali wa kiwanja cha ndege hadi kiwanja na saa za kuruka. Akamwambia mgonjwa, "Baba, kesho adhuhuri dada yuko hapa." Maskini Mwantumu! Alihesabu ndege kuruka, hakuhesabu ndege kungojewa. Adhuhuri ikafika, dada bado yuko katikati ya safari, ndege ya kuunganisha imemwacha, na inayofuata imejaa.

"Yuko wapi?" baba akauliza.

Mwantumu akashindwa kusema kweli. "Yuko juu ya Misri, baba." Baadaye akasema, "Yuko juu ya Sudani." Baadaye tena, "Sasa anauona Mlima Kilimanjaro." Kila aliposema, mzee alifumbua macho na kukubali kijiko cha uji.

Kule kiwanjani Mwanakheri alikuwa akilia, "Baba yangu, nisubiri!" Mama mmoja kwenye foleni akasikia Kiswahili, akageuka, akamwuliza, naye akamweleza yote. Ni Tusekile wa Mbeya, aliyekuwa akirudi kumwoza bintiye.

"Chukua nafasi yangu, mwanangu," akasema. "Harusi ina video. Radhi haina." Akawasihi wahudumu mpaka wakakubali.

Mwanakheri akafika. Baba akamwekea mkono kichwani, akalia kweli, akasema, "Radhi zangu unazo, dunia na akhera." Kesho yake akafariki.

Mwanakheri alipojifungua binti, alimleta nyumbani apewe jina la aliyemfikisha mama yake kwa babu. Akawaita shangazi, mdogo wake na Tusekile.

Shangazi Zamzam akasema, "Bila uongo wangu, ungeondoka huko?"

Mwantumu akasema, "Na bila uongo wangu, baba angekungoja?"

Tusekile akapangusa macho. "Mimi sikumdanganya mtu. Mwanangu ameolewa, nami nimemwona kwenye simu kama mgeni."

Mwanakheri akawakumbatia mmoja mmoja, akawashukuru mpaka sauti ikamkauka. Lakini mtoto ni mmoja, na kwao mtoto harithi majina matatu.

Haya, nyinyi mliokaa kitako mkinisikiliza, mtoto yuko mapajani na watu wanangoja. Je, aitwe nani?