Mbwa wa Sikitu na Maji ya Majivu

Paukwa!
Pakawa!

Mbona mnaitika kama mnaoumwa meno? Na wewe uliyekalia kinu, unaguna nini? Eti kijiji kizima hakiwezi kumwogopa mbwa anayejikuna! Hujawahi kumzika aliyeumwa na mbwa wa kichaa. Funga kinywa, fungua masikio.

Hapo kale, bibi yangu hajaota meno, palikuwa na mjane, jina lake Sikitu. Hana mtoto, hana ndugu. Alikuwa na mbwa wake, Hawanijui, aliyefukuza nguruwe shambani. Mbwa akifa, nguruwe watakula mihogo, na Sikitu atakula nini?

Kijijini kwao mbwa hakuvuka kizingiti mpaka aoshwe kwa maji ya majivu. Ndiyo desturi. Kila asubuhi Sikitu akamsugua kwa gunzi. Sugua, sugua, sugua.

Kiangazi kikaingia. Mbwa akaanza kujikuna. Kwaru! Kwaru! Kwaru! Ngozi ikakauka, ikatoa magamba meupe, manyoya yakapukutika. Sikitu akadhani ni uchafu. Akaongeza majivu. Asubuhi sugua, jioni sugua. Kwaru! Kwaru! Kwaru! Siku moja alipomgusa mgongo, mbwa akageuka, akamtolea meno.

Sikitu akaurudisha mkono mbio. Mwaka uliopita mbwa wa kichaa alimuuma binti wa mhunzi. Walimsikia akipiga kelele siku tatu, kila akionyeshwa maji. Kisha hawakumsikia tena.

Habari zikaenea. Jumbe, mkuu wa kijiji, akaja na wanaume saba, kila mmoja na rungu.

"Mtoe nje, mama."

"Jumbe, hajauma mtu."

"Unangoja amuume nani? Wewe?"

Kamba ya mbwa ilikuwa mkononi mwa Sikitu. Aliishika nchani kabisa. Naye alimwogopa.

Hapo akatokea Bi Kazija, mkunga mkongwe aliyewapokea wote wale duniani.

"Pisheni! Mnanuka woga."

Akamwekea mbwa bakuli la maji. Watu wakarudi nyuma. Mbwa akanywa, akalamba bakuli.

"Kunywa si ushahidi," akasema Jumbe.

Bi Kazija akapitisha kidole mgongoni mwa mbwa, akakitia ulimini. Wanaume wakashika vinywa. Akatema. Ptu!

"Majivu! Sikitu, unaosha mbwa au unalainisha maharage?"

"Namwosha, bibi. Siku hizi mara mbili."

"Umemkausha mafuta yote ya ngozi. Ungesuguliwa hivyo wewe, ungekwisha kutung'ata."

"Na kama ni kichaa?" akauliza Jumbe.

"Wa kichaa hamalizi siku kumi. Nifungieni naye humu kwa Sikitu. Tukifa, chomeni nyumba."

Wakafunga mlango. Sikitu akahamia kwa jirani, lakini kila siku alikuja kuweka sikio ukutani. Siku ya kwanza: kwaru! kwaru! kwaru! Siku ya tano: kwaru! mara moja. Siku ya nane: kimya. Siku ya tisa: kimya. Akaita, "Bibi!" Kimya.

Siku ya kumi Jumbe akagonga. Ngo! Ngo! Hakuna jibu. Akausukuma mlango, rungu juu.

Mbwa alikuwa amelala juu ya nyasi kavu, anang'aa mafuta ya nazi, vinyweleo vipya vimeanza kuchomoza. Akatikisa mkia. Kando yake Bi Kazija anatafuna muhogo.

"Nimewasikia. Sikutaka mumwamshe."

Jumbe akashusha rungu, akaondoka na watu wake.

Basi shikeni hili: hofu usiipe rungu kabla hujaipa macho. Na usafi ukipita kiasi ni adhabu.

Bi Kazija akamtupia Sikitu, aliyeingia nyuma ya Jumbe, kibuyu cha mafuta.

"Mpake. Kidogo kila siku. Majivu yapeleke kwenye maharage."

Sikitu akanyoosha mkono. Ukasimama hewani. Mbwa akainua kichwa, akamtazama.

"Bibi, kaa kidogo. Akinigeukia je?"

"Mimi nimekaa naye siku kumi. Zamu yako."

Bi Kazija akatoka, akaufunga mlango nyuma yake. Hadithi yangu imebaki humo ndani; anayeitaka akagonge.