Kopo la Mafuta ya Nyonyo

Anayekula na aweke sahani chini kwanza. Haya ninayosimulia yananitia kinyaa hata mimi.

Palikuwa na wanawake watatu, kila mmoja na lake. Wa kwanza, aliyeitwa Sikujua, alikuwa na pua: akipita nje ya nyumba hukwambia mboga gani imechacha ndani. Siwema, muuza vitumbua, hakuona kinyaa kwa chochote. Bi Hamida alikuwa na ulimi, na ukishaanza, hata msimamizi wa kazi hutafuta pa kujificha. Wote walikuwa majirani wa Tausi, aliyebangua korosho ghalani pamoja na Sikujua na Bi Hamida.

Ganda la korosho lina mafuta makali yanayochoma ngozi, kwa hiyo wabanguaji hujikinga kwa kujipaka mafuta ya nyonyo. Pale ghalani kopo lilikuwa moja. Mtu anachovya, anabangua, anarudi kuchovya kwa mikono ileile. Yakipungua, yanaongezwa juu. Kopo halikuwahi kumwagwa wala kuoshwa. Lilikuwa jeusi, nzi na nywele vinaelea. Ptuu!

Ngozi za wengine zilivumilia, ya Tausi ikakataa. Mikono iliwasha, ikatoka malengelenge, yakapasuka, yakatoa usaha. Naye kadiri ilivyomuuma ndivyo alivyozidi kujipaka yale mafuta, akidhani yanamkinga. Mama mkwe akaacha kula ugali aliousonga Tausi. Mumewe, Shaweji, akahamishia mkeka sebuleni. Tausi mwenyewe akiitazama mikono yake alisikia kichefuchefu, na alikuwa mjamzito.

"Mwanangu nitampokea na uozo huu?" alilia mbele ya majirani. "Wallahi, atakayeniponya, mtoto huyu atabeba jina lake."

Sikujua akainusa ile mikono, kisha akaenda kulinusa kopo. "Shoga, haya si nyonyo tena. Ni mafuta ya maganda matupu." Hakuna aliyemwamini. Basi akajipaka mkononi, akafunga kitambaa, akalala nayo. Alipofungua, ngozi ilikuwa imeumuka, inavuja. Kovu analo mpaka leo.

Siwema akaja na maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Kila asubuhi alibandua vitambaa vilivyogandana na usaha, akaosha, akafunga vipya, na pamoja na harufu ile hata uso hakukunja. Wateja wakamwona. Nani angekula kitumbua chake tena? Unga ukamchachia ndooni.

Bi Hamida yeye alilibeba lile kopo mpaka kwa msimamizi, akalitua mezani kando ya pilau yake.

"Chovya, baba. Si mnasema ni salama? Chovya, tukuone!"

Msimamizi akaziba pua. Kopo likatupwa, glavu na sabuni zikaletwa. Na Bi Hamida akafukuzwa kazi siku hiyohiyo.

Mikono ikapona. Tausi akajifungua mtoto wa kike, akampokea kwa viganja vikavu, safi, akalia kwa furaha. Shaweji akarudisha mkeka chumbani kana kwamba hakuwahi kuuondoa. Huyo ananitia kinyaa kuliko hata kopo.

Siku ya kumpa mtoto jina, wale watatu wakafika.

"Bila pua yangu ungekuwa unajipaka hadi leo," alisema Sikujua.

"Na bila mimi?" akauliza Siwema. "Mikono ingeoza ukiwa unaijua sababu."

"Ungepona," akasema Bi Hamida, "ukarudi kuchovya kopo lilelile."

Tausi akatazama kovu la mmoja, akakumbuka karai la vitumbua la mwingine lililokauka, akamwona wa tatu asiye na kazi. Mama mkwe akakohoa pembeni: "Si aitwe jina langu tu, mjukuu wangu?"

Huyo mnyamazisheni. Lakini mtoto yuko mikononi mwa mama yake, analia, na hana jina. Haya, wewe uliyeacha sahani yako: ungemwita nani?