Pimbi Aliyechoka Kutazama Jua

Paukwa!

Pakawa!

Walio nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale palikuwa na kilima cha mawe. Katika nyufa zake waliishi pimbi, wanyama wadogo wasio na mkia. Pimbi hao walikuwa na desturi yao ya kula. Walikaa duara, makalio ndani, vichwa nje. Huyu anatazama bonde, yule anatazama miti, na mmoja anatazama jua. Maana pimbi amejaliwa jicho la kutazama jua, na tai hupenda kushuka kutoka juani.

Nafasi ya jua ilikuwa ya Kidawa, na Kidawa aliichoka.

"Kila siku jua, jua, jua," alimwambia bibi yake, Mwanakheri. "Majani matamu yako ng'ambo, kwenye kilima kile kisicho na mtu. Hapa mgongo wangu haujapata upepo tangu nizaliwe."

"Nani anakubana, mjukuu wangu?"

"Nyinyi nyote."

Pimbi wakacheka. Binamu yake akasema, "Nenda basi. Ukirudi, utuletee huo upepo."

Asubuhi iliyofuata Kidawa akaondoka. Hakuaga. Chapu, chapu, chapu, akavuka bonde. Akafika. Majani yalimfika masikioni! Akang'ata tonge la kwanza. Akang'ata la pili, likakwama mdomoni.

Palikuwa kimya. Hakuna aliyetafuna kando yake. Hakuna aliyepiga chafya.

Mbele yake, juu ya jiwe, akatua tai jike.

"Hujambo, mwanangu? Umekuja na nani?"

"Na ndugu zangu. Wako... wako nyuma."

"Mbona siwaoni?"

Kidawa akamkodolea macho tai yule. Hapo ndipo alipokosea. Pimbi aliyelelewa kwenye duara hutazama upande wake tu, akijua nyuma yake kuna mwenziwe. Leo nyuma yake hapakuwa na mtu. Na kutoka juani, tai dume akashuka. Vuuu!

Upepo ukampiga Kidawa mgongoni. Akaruka, akajitupa kwenye ufa. Loo, ufa wenyewe mfupi! Kucha zikamchana kiunoni. Akajisukuma ndani, akajibana. Juu yake tai walitembea, kwaru, kwaru.

"Huyu hana wa kumlilia," alisema dume.

"Mwache," alisema jike. "Hawezi kwenda popote. Twende kwao kwanza. Leo upande wa jua hauna mtu."

Kidawa akawaona akilini wote pale kwenye duara, na bibi yake akitafuna polepole kwa meno yake machache. Tai wakaruka. Kama angenyamaza, angetoroka taratibu. Kama angelia, wangemrudia.

Akatoa kichwa nje, akalia, "Juani! Juani! Juaniii!"

Pimbi ni mdogo, sauti yake si ndogo. Ilivuka bonde. Kule ng'ambo, pu, pu, pu, pimbi wakatumbukia mashimoni. Tai wakakuta mawe matupu. Wakageuka, na hasira ikawapanda.

Kidawa alikuwa keshaingia bondeni, anakimbia, damu inamtiririka. Kivuli kikamfuata. Kivuli kikamfunika. Hakuona tena mbele wala kando.

"Kushoto, Kidawa!" Ilikuwa sauti ya bibi Mwanakheri.

Akakata kushoto. Kucha zikanyakua vumbi.

"Sasa panda!" akaita binamu yake. "Panda, dada, ingia!"

Nyayo zake zililijua jiwe lile kabla macho hayajaliona. Akaingia. Nyuma yake kucha zikakwaruza mawe, kwaruuu, kisha kimya.

Ndani wote walihema. Hakuna aliyemgombeza. Bibi akamlamba kidonda, akamlamba tena, ndipo akauliza:

"Majani ya huko ni matamu?"

"Matamu, bibi," Kidawa alijibu. "Ila hayakupita kooni."

Basi wanangu, na nyinyi wazazi mliojikunyata huko nyuma, sikieni. Kwenu ni pale nyayo zako zinapopajua, na wenyeji wake wanakuita kwa jina lako hatari inapokuja. Ukipata mahali kama hapo, patunze, nawe uwalinde wenzako.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeogopa na amsogelee jirani yake.